Taa ya Korido: Niambie Inazimikaje

Mteja akinipigia na kusema taa za korido zake zinawaka vizuri, nije nikague soketi tu, huwa namuuliza: zinazimikaje? Wengi hucheka. Taa inazimika kwa kuzimwa, fundi, kwani kuna namna nyingine? Ipo. Kwa taa yenye swichi mbili au tatu, namna inavyozimika ndiyo inayonieleza kama aliyeifunga alikuwa fundi au mtu mwenye plaizi na bisibisi.

Nafunga umeme wa majumbani hapa Dodoma. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, kazi haikauki. Iyumbu, Nala, Nzuguni, Ilazo, palipokuwa mtama na uwele leo ni misingi na nguzo za zege. Nyumba nyingi zinafanana ramani: sebule mbele, jiko ubavuni, kisha korido ndefu yenye vyumba huku na huku, masta mwisho kabisa. Mchoraji anaweka swichi ya korido upande wa sebuleni, basi. Mwenye nyumba akitoka masta saa nane usiku kwenda kumwangalia mtoto, anapapasa ukuta mita nane gizani kuitafuta swichi, na akirudi anaizima kule kule, anapapasa tena. Baada ya mwezi anaacha kuizima. Taa inakula LUKU usiku kucha kwa sababu ya swichi moja iliyokosekana.

Dawa yake ni tuwei, na si jambo gumu. Swichi ya kawaida, tunayoiita wanwei, ina skrubu mbili nyuma: moto, yaani waya wenye umeme, unaingia, moto unatoka. Tuwei ina tatu. Moja ni komoni, mbili zilizobaki huandikwa L1 na L2. Ndani kuna ulimi wa shaba unaotoka komoni na kulalia ama L1 ama L2. Hakuna mahali pa tatu pa kupumzika. Kwa hiyo tuwei ikiwa peke yake haiwashi wala haizimi. Inachagua waya upi upewe moto.

Sasa zifunge mbili. Moto kutoka kwenye breka unaingia komoni ya swichi ya kwanza. Nyaya mbili zinapita ukutani kati ya swichi hizo, moja kutoka L1 kwenda L1, nyingine kutoka L2 kwenda L2. Komoni ya swichi ya pili inapandisha moto kwenye taa. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, haiingii kwenye swichi yoyote, inakwenda yenyewe mpaka kwenye holda, kishikio cha balbu. Ndimi zote mbili zikilalia waya mmoja, taa inawaka. Kila ulimi ukilalia waya wake, moto unafika nusu ya njia na kuishia hapo. Ukibonyeza upande wowote, hali inageuka. Kwetu tumezoea swichi ikiwa chini taa imewaka, ikiwa juu imezimwa. Kwenye tuwei mazoea hayo hayana kazi, na mteja asikusumbue urudi "kuinyoosha" kwa sababu leo inawaka ikiwa juu.

Kwa nje tuwei na wanwei hazitofautiani hata kidogo. Dukani geuza swichi uhesabu skrubu kabla hujalipa, usisome boksi tu. Mimi nikinunua za nyumba nzima huchukua tuwei tupu, maana tuwei ukitumia komoni na L1 tu inafanya kazi ya wanwei bila tatizo, lakini wanwei haiwezi kugeuka tuwei hata uibembeleze. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko nauli ya bodaboda ya kurudi mjini kubadilisha.

Kuna makosa mawili ambayo yanajitangaza yenyewe. La kwanza ni kufunga wanwei mbili zikifuatana: lazima zote ziwe zimewashwa ndipo taa iwake, na aliye chumbani akizima, aliye sebuleni atabonyeza mpaka kidole kiume. La pili ni kuzifunga sambamba: yoyote ikiwa imewashwa, taa haizimiki. Haya hayanisumbui. Siku ya kwanza tu mama mwenye nyumba anapiga simu, fundi anaitwa, yanarekebishwa.

Linalonisumbua ni lile lisilojitangaza.

Nilikuta nyumba Nkuhungu, imekaliwa miaka kadhaa, taa ya korido inawashwa na kuzimwa huku na kule bila kasoro. Niliitwa kwa sababu mama alipigwa shoti akibadilisha balbu. "Na nilikuwa nimezima, mwanangu," akaniambia, "nimezima kabisa, giza lilikuwa totoro." Nikafungua swichi ya kwanza, nikakuta moto na nyutro zote mbili ndani, moja L1, nyingine L2. Nikafungua ya pili: vivyo hivyo. Kwenye holda waya mmoja umetoka komoni ya huku na wa pili umetoka komoni ya kule.

Fuata hesabu yake. Swichi moja ikiipa taa moto na nyingine ikiipa nyutro, inawaka. Zote zikiipa nyutro, imezimika, na ni salama. Zote zikiipa moto, imezimika pia, kwa sababu pande mbili za balbu zina volti 230 sawasawa na hakuna pa kwenda. Mpaka aje mtu na kidole chake, amesimama kwenye ngazi ya chuma juu ya sakafu. Yeye ndiye anayekuwa njia. Mama wa Nkuhungu alizima taa mara nyingi sana na kila alipozima alikuwa na bahati nasibu ya nusu kwa nusu.

Mtindo huu una historia. Marekani zamani waliutumia, ukaitwa mfumo wa Carter, na kanuni zao za umeme zikaupiga marufuku mwaka 1923. Umri wake unazidi ule wa vyeti vyetu vyote, na bado nakutana nao kwenye nyumba ambazo rangi haijakauka. Sababu haina siri: waya. Ukiwa na soketi karibu na kila swichi, unachukua moto na nyutro hapo hapo kwenye soketi, unaokoa ile safari ya nyaya mbili ukutani, hasa kama plasta imeshapigwa na mteja ameongeza swichi dakika za mwisho. Hapo kuna ubaya wa pili. Soketi ziko kwenye breka kubwa, tuseme ya ampia 20 au 32, na waya wa milimita 2.5 za mraba. Taa zinafungwa kwa waya wa 1.5 kwenye breka ya 6 au 10. Ukivuta taa kutoka kwenye soketi, waya mwembamba unalindwa na breka isiyouhusu, ukizidiwa utaungua kwanza na breka inatazama. Na ndani ya swichi moto na nyutro zinakaa milimita chache tu, kwenye kifaa ambacho hakikutengenezwa kuzitenganisha. Hizi ni swichi za mji wa vumbi na upepo, tusisahau.

Holda za kuskuru zinaongeza chumvi kwenye kidonda. Holda ya pini inaficha mguso wake ndani kidogo. Ya kuskuru ina ganda la chuma ambalo vidole vinaligusa kirahisi wakati balbu inaingia au kutoka, kwa hiyo kanuni ni moto uende kwenye kitako cha katikati na ganda lipewe nyutro. Kwa mfumo wa Carter huwezi kuitii kanuni hiyo hata ukitaka, kwa kuwa pande zinabadilishana kila watu wanapobonyeza.

Tukitoka kwenye swichi mbili kwenda tatu, mafundi wengi wanaanza kujikuna. Mlango wa sebule, mlango wa jiko, mlango wa masta, taa moja. Hapa inaingia intamidieti, yenye skrubu nne. Inakaa katikati, nyaya mbili zinaingia na mbili zinatoka, na kazi yake ni moja: ama inazipitisha moja kwa moja, ama inazikatisha msalaba, ya juu ikashuka chini na ya chini ikapanda. Ukitaka swichi nne, weka intamidieti mbili. Ukitaka kumi, weka nane. Mwanzo na mwisho ni tuwei daima.

Kijana wangu wa mafunzo aliniuliza itakuwaje mtu akiwasha huku, mwingine akabonyeza kule, wa tatu naye akabonyeza, nani ataelewa taa iko wapi. Nikamwambia akumbuke darasa la namba witiri na shufwa. Kila mbonyezo, popote ulipofanyika, unageuza hali mara moja. Taa ilikuwa imezima, mibonyezo ikiwa witiri itakuwa inawaka, ikiwa shufwa itakuwa imezima. Nani kabonyeza na kwa mpangilio gani, taa haijali. Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon aliandika tasnifu yake ya uzamili huko Massachusetts Institute of Technology akionyesha kwamba sakiti za swichi zinaweza kuandikwa kwa hesabu za kweli na si kweli alizoziasisi Mwingereza George Boole, na kompyuta zimesimama juu ya wazo hilo. Kijana alifurahi kuliko nilivyotarajia. Sasa kila korido anaiita kompyuta.

Intamidieti ina mtego wake dukani. Hazinunuliwi sana, maduka mengine hayana, na muuzaji asiyetaka kupoteza mteja atakupa swichi ya hita ya maji. Nayo ina skrubu nne. Lakini ile inakata moto na nyutro kwa pamoja, haikatishi msalaba, na ukiifunga katikati ya tuwei mbili utapata korido inayofanya kazi mpaka mtu aibonyeze swichi ya katikati. Akishaizima, swichi za pembeni zote zimekufa. Ukiwa na maltimita, ipime kabla ya kulipa: hali moja juu inaongea na juu (yaani umeme unapita kati yao), chini na chini, hali ya pili juu inaongea na chini. Kama katika hali ya pili hakuna kinachoongea na chochote, mrudishie.

Sasa kuna jambo la balbu za LED, na hili nimeulizwa na watu waliofungiwa vizuri kabisa. Dada mmoja wa Ilazo alikuwa na taa ya korido inayotoa mwanga hafifu usiku, kama mbalamwezi, ikiwa imezimwa. Fundi wa kwanza alimwambia balbu mbovu. Akabadilisha. Ikaendelea. Fundi wa pili akamwambia ni nyutro. Mtoto akakataa kabisa kupita hapo.

Kwenye tuwei iliyozimwa, mmoja kati ya nyaya mbili za katikati unabaki na moto, na wa pili umeunganishwa na taa lakini hauna kitu. Zinalala pamoja ndani ya paipu moja kwa mita kadhaa. Nyaya mbili zilizolala sambamba hivyo zinakuwa kapasita ndefu, yaani kama kifaa cha kuhifadhi chaji, na umeme wetu unaobadilika mara 50 kwa sekunde unavusha kijimkondo kidogo kutoka waya mmoja hadi mwingine bila kugusana. Balbu za zamani za nyuzi zilihitaji mkondo mkubwa, zisingehisi. LED inakusanya hicho kidogo na kuwaka hafifu, au kumweka kila baada ya muda. Tiba ni kapasita ndogo ya daraja la X2, iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumbani, inayofungwa sambamba na taa ili imeze kijimkondo hicho. Au wakati mwingine balbu ya kampuni nyingine yenye sakiti bora ndani. Hakuna hatari.

Ila mwanga hafifu huohuo unaweza kuwa na sababu nyingine, yenye hatari: swichi inakata nyutro badala ya moto. Holda inabaki na volti 230 kamili taa ikiwa imezimwa, na LED inanusa umeme kupitia ukuta na ethi, waya wa ardhini. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Bisibisi ya testa nayo inadanganya, kwa kuwa itawaka kwa vyote viwili. Unapima kwa kifaa cha ncha mbili chenye mzigo ndani, kati ya holda na ethi: umeme wa kuvuja kwa ukaribu wa waya unaporomoka ukipewa mzigo hata mdogo, moto wa kweli hausogei. Pale Ilazo uliporomoka. Niliweka kapasita, nikanywa chai, nikaondoka.

Kuhusu ethi, kidogo tu, kwa sababu taa za nje mara nyingi zina mwili wa chuma na watu wanataka kuziwasha kutoka chumbani. Udongo wetu unakauka sana kati ya mvua za Aprili na zile za Desemba, na fimbo ya ethi iliyopimwa masika inaweza kukupa jibu tofauti kabisa mwezi wa kumi. Chukua ukinzani wa omu 100: moto ukigusa mwili wa taa, mkondo unaokwenda ardhini ni ampia 2.3. Breka ya ampia 6 hiyo haioni kabisa. Kifaa cha kunasa uvujaji wa umeme, cha miliampia 30, kitakata papo hapo. Watu wanamwaga chumvi na mkaa kwenye shimo la fimbo na kuona wamemaliza. Sikatai chumvi, lakini mwaka ujao imeshayeyuka, kifaa nunueni.

Kwenye ghorofa kuna tatizo la ngazi. Swichi ya chini inapata moto kwenye breka ya taa za chini, ya juu iko karibu na nyaya za taa za juu, na fundi aliyechoka anaazima nyutro ya juu. Taa inawaka, inazimika, kila mtu ana furaha. Halafu siku fundi mwingine anazima breka ya taa za juu ili abadilishe holda chumbani, anafungua nyutro ambayo kwa macho yake haina kitu, na mkondo wa taa ya ngazi unampitia. Penye vifaa tofauti vya kunasa uvujaji kwa kila sakiti, tatizo linajifichua, kwa maana kifaa kinaona mkondo umetoka na haukurudi, kinakata kila ukiwasha taa ya ngazi. Nimeona fundi akikiondoa kifaa na kusema kilikuwa kibovu.

Wanaojenga hosteli za wanafunzi kule Ng'hong'honha, karibu na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, huniomba intamidieti tano sita kwenye korido moja. Nawakatalia. Inawezekana, lakini nyaya na maungio yanakuwa mengi na siku ikiharibika utafungua kuta zote. Pale weka rilei ya mapigo, swichi inayogeuzwa kwa umeme, kwenye meni swichi na vitufe vya aina ya kengele kila mlango. Vitufe vyote vinafungwa sambamba kwa nyaya mbili tu, hata viwe ishirini. Kila pigo linageuza rilei. Inasikika "tak" na ndiyo kasoro yake pekee ninayoijua. Swichi za rimoti na zile za simu zinafaa pia, hasa ukuta ukiwa umekamilika, ila nyingi zinataka nyutro kwenye boksi la swichi, na baadhi umeme ukikatika na kurudi zinaamua zenyewe ziwake au zisiwake. Mtu ambaye taa zote zimemwamsha saa kumi alfajiri ananielewa.

Lakini yote haya yanaamuliwa kabla ya plasta. Ukuta wa tofali ukiwa mtupu, mfereji wa paipu ni kazi ya patasi na dakika chache. Huwa namchukua mwenye nyumba, na mke au mume wake ikiwezekana, tunatembea gofu zima jioni. Ingia mlango wa mbele. Mkono wako umeenda wapi? Weka alama kwa chaki. Mlango unafungukia upande gani? Swichi nyingi nilizozihamisha zilikuwa nyuma ya mlango. Lala pale kitanda kitakapokuwa. Hapo ndipo huwa nashikilia msimamo: kando ya kitanda cha masta kuwe na tuwei ya taa zote za nje, hata kama hela imebana na korido itabaki na wanwei. Ukisikia kishindo uani usiku, hutaki kutembea nyumba nzima ukitafuta swichi ya veranda. Unataka uwanja wote uwake ukiwa umelala. Akina mama wanalielewa hili kabla sijamaliza sentensi.

Siku ya kukabidhi, kabla ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, kuithibitisha kazi kwa TANESCO, umeme wa kupimia nautoa kwenye jenereta. Natoa balbu, napima kila holda katika kila mpangilio wa swichi: mbili zina mipangilio minne, tatu zina minane. Nusu ya mipangilio taa inapaswa kuwa imezima, na katika nusu hiyo holda isiwe na moto kabisa. Mteja anashika karatasi, mimi nasoma, yeye anaandika. Mchoro wa nyaya naubandika ndani ya kifuniko cha meni swichi, ili atakayekuja baada yangu asianze kufukua.

Juzi mteja wa Iyumbu kanipigia. Jikoni kwake tulipotembea na chaki alisema swichi moja inatosha, mlango wa nyuma hautatumika. Sasa kila mtu anapita mlango wa nyuma. Anataka tuwei, na jikoni ameshabandika vigae mpaka darini. Nikamtajia bei ya kubandua na kubandika upya. Simu ikatulia kidogo, kisha akauliza, "Ile ya rimoti uliyosema mwanzo, fundi, bado zipo?"